Nani aliufungulia mlango mforsadi wa Mabira?

Dereva wa lori aliyetoka Mombasa, akishavuka Malaba na kuipita Jinja, huingia msitu wa Mabira kabla hajafika Lugazi. Pale Najjembe wengi husimama. Kuku wa kuchoma wanasukumwa mpaka dirishani, ndizi za gonja za moto zimefungwa gazetini, na nyuma ya vibanda ni kijani tupu. Msafiri anarudi garini akiamini ameuona msitu wa asili. Ameuona nusunusu, kwa sababu kwenye kingo za Mabira, na katika mapande makubwa yaliyowahi kulimwa ndani yake, mti uliotamalaki haukutoka Uganda wala popote Afrika. Ni mforsadi wa karatasi, ambao wataalamu huuita Broussonetia papyrifera, na kwao ni Asia Mashariki.

Kuutambua si kazi. Jani la mche limepasuliwa kingoni, kila jani kivyake, hata kwenye tawi moja huoni mawili yanayofanana. La mti mzima mara nyingi halina mpasuko wowote. Upande wa juu unakwaruza kidole, wa chini una vinyweleo laini. Ukilivunja linatoa utomvu mweupe. Gome likichunwa halimeguki, linatoka utepe mrefu wenye nyuzi ngumu ambazo mtu anaweza kufungia mzigo wa kuni. Nyuzi hizo ndizo zilizouleta huku.

Miaka ya 1950, enzi za Waingereza, Idara ya Misitu iliupanda Mabira, na pia Budongo, msitu wa magharibi mwa Uganda, kwa majaribio. Hesabu ilikuwa ya kibiashara. Gome la mti huu limetengenezewa karatasi China tangu zama za kale, Wajapani hadi leo wanalitumia kwa karatasi yao ya jadi, na mti wenyewe unakua mbio, unafika mita 15 na zaidi wakati miti mingi ya msitu wa Mabira bado inahesabiwa miche. Koloni lilitaka kujua kama ungeweza kulisha kiwanda. Biashara hiyo haikushika, na miti iliyopandwa ikaachwa pale ilipo.

Sasa hapa ndipo kisa kinapoanza kunivutia, maana haikulipuka mara moja. Ilikaa. Miaka ikapita, Uhuru ukaja mwaka 1962, serikali zikabadilika kwa kura na kwa bunduki, na mforsadi ulikuwa mti wa majaribio uliosahauliwa. Tatizo tunaloliona leo lilikomaa baada ya miaka ya 1980. Anayetaka kueleza kwa nini mmea mgeni unageuka kuwa vamizi lazima aeleze pia hicho kimya. Maelezo mengi ninayoyasikia yanakiruka.

Jibu la haraka ni kwamba mti ni mgeni, na mgeni hana adui. Wadudu, kuvu na magonjwa yaliyouandama kwao hayakusafiri pamoja na mbegu, basi ukapumua, ukatanuka. Wanasayansi wana nadharia nzima juu ya jambo hili, na kwa mimea mingine imethibitika vizuri. Gugu maji la Ziwa Viktoria ni mfano ambao kila mvuvi wa Uganda anaujua: lilitoka Amerika Kusini likiwa limewaacha wadudu wanaolila, likaziba fukwe na gati za Port Bell, na wadudu wale walipoletwa na kuachiliwa ziwani katikati ya miaka ya 1990, wakawa sehemu kubwa ya kilichosaidia kulipunguza.

Kwa mforsadi, hoja hii inachechemea. Kwanza, karibu kila mmea ulioletwa kama mbegu uliwaacha maadui zake nyuma, na mingi haikuvamia chochote. Bustani ya mimea ya Entebbe ilianzishwa mwaka 1898 na imepokea mimea kutoka mabara yote. Iliyotoka nje ya uzio wake ikawa kero ni michache. Wanaikolojia wana kanuni yao ya makadirio: kati ya mimea ngeni kumi inayoletwa, mmoja hivi hutoroka bustanini, kati ya iliyotoroka, mmoja kwa kumi hujizalisha wenyewe mwaka hadi mwaka, kati ya hiyo, mmoja kwa kumi ndio huwa balaa. Mikaratusi imepandwa Uganda kwa mamilioni, lakini mbegu zake ni vumbi, haziliwi wala kubebwa na ndege, na zinataka udongo mtupu usio na nyasi ili ziote. Mahindi na mihogo ni ya Amerika. Ndizi za matoke, ambazo Buganda bila hizo hakuna karamu, asili yake ni Asia. Shamba la matoke likiachwa miaka michache bila mkono wa mtu, linamezwa. Kama ugeni ungekuwa ndio sababu, tungekuwa tumezikwa zamani.

Pili, si kweli kwamba huku hakuna anayeula. Mbuzi wa vijiji vilivyomo ndani ya Mabira wanakatiwa majani yake. Kule Budongo, sokwe wa kundi la Sonso, ambao watafiti wamekuwa wakiwafuata tangu mwaka 1990, wanakula majani yake, maua yake na matunda yake, na mti huu umekuwa miongoni mwa vyakula vyao vikuu. Mmea unaoliwa hivyo na mnyama mkubwa wa nchi hauwezi kusemwa hauna mlaji. Tena, nitakavyoeleza, kuliwa ndiko kulikousaidia.

Twende visiwa vya Pasifiki kidogo, kwa sababu kuna jambo la huko linaloufungua mjadala kuliko nadharia yoyote. Watu wa Tonga, Fiji, Samoa na Hawaii waliuhamisha mti huuhuu wa mforsadi kutoka Asia, kisiwa kwa kisiwa, kwa maelfu ya miaka, ili watwange gome lake liwe nguo. Ni ufundi unaofanana sana na wa mafundi wa Buganda wanaotwanga gome la mutuba kupata lubugo, ule ambao UNESCO iliutangaza mwaka 2005 kuwa urithi wa binadamu. (Mutuba na mforsadi ni jamaa, wote wa familia ya mitini na miforsadi, anayeona utomvu mweupe wa mmoja ameuona wa mwenziwe.) Wenyeji wa Pasifiki waliupanda mti huo kila walikokwenda, na kwa karne nyingi hizo haukuwaletea matata ya kuvamia misitu. Mti ni uleule. Kilichotofautiana ni kimoja: wao walibeba vipandikizi, na walichopanda karibu chote kilikuwa cha jinsia moja. Mforsadi wa karatasi una miti dume na miti jike mbalimbali. Dume hutoa mashada yanayoning'inia na kurusha chavua hewani. Jike hutoa vichwa vya duara vinavyokomaa kuwa tunda la rangi ya chungwa iliyoiva. Jinsia moja ikikosekana, hakuna mbegu. Mti unabaki pale ulipopandwa na kuongezeka kwa machipukizi ya mizizi tu, hatua kwa hatua, na mkulima akiutaka uondoke, anaung'oa.

Uganda ilipata zote mbili. Chavua yake inabebwa na upepo, kwa hiyo haukuhitaji mdudu maalumu wa kuuchavusha. Linganisha na mutuba na mitini mingine: kila mtini una kinyigu chake kinachouchavusha, na mtini ukipelekwa nchi ya mbali bila kinyigu hicho unaweza kutoa tini nzuri kwa miaka bila mbegu hata moja iliyo hai. Mforsadi haukuwa na kizuizi hicho. Dume na jike vikisimama ndani ya msitu mmoja, mbegu zinapatikana kila msimu.

Na mbegu hizo zilianguka katika nchi iliyojaa wapagazi. Tunda lake ni laini, tamu, lina nyama, na ndani yake mna vijimbegu vidogo vinavyopita tumboni salama. Mabira ina ndege wa kila aina wanaokula matunda, ina popo, ina kima wa mkia mwekundu, na ina wale kima wakubwa wa mashavu ya kijivu ambao watalii wanawafuata na darubini. Wote hao walizoea kula matunda ya miti yao. Hakuna aliyewauliza pasipoti ya tunda. Watu wa misitu huhesabu wingi wa mbegu zinazoanguka mahali kuwa jambo la kwanza linaloamua kama mmea utashika, kabla hata ya kuuliza kama mmea una nguvu, na mimi nakubaliana nao. Mti dhaifu wenye mbegu laki moja una nafasi kuliko mti jasiri wenye mbegu kumi.

Bado kimya hakijaelezwa. Miti dume, miti jike, upepo, ndege na kima vilikuwapo tangu mwanzo. Mbona mforsadi ulisubiri?

Ulisubiri mwanga. Mabira ni hifadhi ya msitu tangu mwaka 1932, ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 300, na sehemu zake zilizofunga ni giza hata saa sita mchana. Miti yake mikubwa, kama ile ya jenasi ya Celtis, ina miche inayovumilia kivuli: inaota, inakaa kimo cha goti kwa miaka, inangoja mti wa juu uanguke. Mche wa mforsadi hauna subira hiyo. Unataka jua tangu jani la kwanza. Mbegu zilizodondoshwa na kima ndani ya msitu uliofunga zilioza au zikaota na kufa. Wakati wote huo msitu ulikuwa ukiuzuia mti ule bila mlinzi wala bajeti.

Katikati ya miaka ya 1970 mlango ukafunguliwa. Serikali ya Idi Amin ilikuwa imewafukuza Waasia mwaka 1972, uchumi umeyumba, na wananchi wakahimizwa kuzidisha uzalishaji kwa kila hali. Amri ya ardhi ya mwaka 1975 ikachanganya zaidi mambo ya nani ana haki wapi. Watu waliingia Mabira na majembe na mapanga. Walikata, wakachoma, wakang'oa visiki, wakapanda kahawa, ndizi, mahindi, maharage. Siwalaumu, njaa ni njaa, na waliambiwa walime. Wakati huohuo magogo ya mbao yaliendelea kutolewa sehemu nyingine za msitu, kila gogo likiacha tundu juu na barabara chini. Hali hiyo iliendelea mpaka mwishoni mwa miaka ya 1980, serikali mpya ilipowatoa wakulima kwa nguvu.

Jiulize walipoondoka waliacha nini. Shamba lililolimwa miaka zaidi ya kumi halina tena akiba ya mbegu za miti ya msitu udongoni; zimeota zikapaliliwa. Halina visiki vya kuchipua, vilishang'olewa. Miche iliyongoja kivulini ilikwisha siku ya kwanza ya jembe. Kilichobaki ni udongo wenye rutuba, mvua ya zaidi ya milimita 1,200 kwa mwaka, jua la ikweta kutoka asubuhi hadi jioni, na jirani yake, miti ya mforsadi iliyokomaa ikizaa. Nafasi ya namna hiyo hujazwa na atakayefika kwanza akiwa wengi. Aliyefika kwanza akiwa wengi ni huyo.

Kwa hiyo ninapowasikia watu wakisema mforsadi uliushinda msitu wa Mabira, nataka kuuliza: msitu upi? Jamii ya mimea iliyovamiwa ilikuwa shamba lililoachwa. Mwanaikolojia Mwingereza Charles Elton alidai mwaka 1958 kwamba jamii yenye spishi nyingi ni ngumu kuvamiwa, kwa sababu kila nafasi ina mwenyewe, na Mabira, yenye spishi zaidi ya 300 za miti na vichaka, inaweza kuletwa kama ushahidi kwamba alikosea. Mimi naona Mabira haijawahi kumpa mtihani. Pale msitu uliposimama kamili, mforsadi umekwama ukingoni. Pale ulipoingia, zile spishi 300 zilikuwa zimeshafyekwa. Huwezi kuusifu wala kuulaumu ukuta ambao ulishabomolewa.

Pingamizi moja ni la haki. Uganda ina miti yake ya kutangulia, inayopenda mwanga na kukua mbio. Musizi ni mmoja, nao ni wa Mabira hasa. Kwa nini wao hawakuchukua nafasi ile? W. J. Eggeling, mtaalamu wa misitu aliyeichunguza Budongo, aliandika mwaka 1947 jinsi musizi unavyotangulia kuingia nyikani kwenye kingo za msitu ule, ukifuatiwa na mchanganyiko wa miti mingine, na mwisho muhimbi unatawala. Mti huo unajua kazi hiyo.

Uliifanya hata Mabira, na leo utaikuta misizi mirefu katikati ya miforsadi. Ila mashindano hayakuwa sawa. Mbegu ya musizi ni kubwa, inahitaji mnyama mwenye koo pana, na kila mbegu inazaa shina moja. Mbegu ya mforsadi inabebwa hata na ndege wa kimo cha kidole, na mti mmoja uliosimama unatandaza mizizi chini ya udongo inayochipua mashina mapya mbali na mama. Mahali ambapo wakulima, wachoma makaa na wakusanyaji wa kuni hawajaacha kukata, sifa hiyo peke yake inatosha kuamua mshindi.

Na huyu musizi tunayemwita mtoto wa nyumbani, nenda Tanzania ukamuulize mtu wa Amani. Ulipelekwa Usambara Mashariki mwanzoni mwa karne ya 20, baadaye ukapandwa tena, na ukataji mkubwa wa magogo ulipotoboa misitu ile, hondohondo wakameza matunda yake na kuyatapakaza kila penye pengo. Huko musizi ndio mti vamizi, umeandikiwa makala na kupangiwa mikakati. Watanzania wanaulalamikia kwa maneno yaleyale tunayoulalamikia mforsadi. Tabia ya musizi haikubadilika ulipovuka mpaka. Kule Usambara ulikuta mapengo, ukakuta wapagazi wanaojua kazi, na ukakuta miti ya pale ni ya msitu wa mlimani inayokua taratibu, isiyo na mtangulizi wa kasi yake. Mtu akinionyesha orodha ya mimea "yenye asili ya uvamizi", namwambia anipe pia orodha ya mahali.

Senna spectabilis, mti wa Amerika wenye maua ya njano unaozidi kuenea Budongo na katika msitu wa Matiri, ungeweza kuwa na kisa chake, na sitaki kuuingiza huu wa Mabira humo. Itoshe kwamba nao ulipandwa na watu, ukangoja ukingoni, na ukaingia palipofunguliwa.

Kinachoufanya mforsadi ung'ang'anie ni mlango wa pili wa hadithi. Nilimuuliza mzee mmoja wa upande wa Lugazi, aliyestaafu kazi ya miwa na anayesema kile Kiswahili cha watu waliokutanishwa na ajira kutoka kila pembe ya nchi.

"Mzee wangu, mti huu mnauonaje?"

"Mzuri, kijana. Kuni zake zinashika moto upesi. Na mbuzi anapenda."

"Na ukiukata?"

Akacheka. "Huu unashukuru ukikatwa. Kata mmoja, rudi baada ya mvua, uhesabu."

Tulikuwa tumesimama karibu na kisiki cha unene wa paja. Machipukizi yalikitoka pande zote, mengine yameshanizidi kimo, na hatua tatu kutoka hapo mengine yalikuwa yanachomoza ardhini kutoka kwenye mzizi uleule. Chini yao hapakuwa na mche wa mti mwingine. Majani makavu tu na gome lililochunwa. Mzee hakuona tatizo. Kwake ni ghala la kuni lisiloisha, karibu na nyumbani, na askari wa misitu hamgombezi mtu kwa kuukata. Hoja yake ina uzito, kwa maana kila mzigo wa mforsadi anaoubeba ni mzigo mmoja ambao hakuukata kwenye mti wa asili. Lakini kila akikata anarudisha jua chini, na jua likirudi, mforsadi ndio unaolitumia. Ukataji wa kuni umekuwa kilimo cha mforsadi pasipo mtu kukusudia.

Halafu kuna siasa, na hapa Uganda siasa ya Mabira si jambo la kupita juu juu. Mwaka 2007 ulizuka mpango wa kuikata hifadhi, kama hekta 7,100, wapewe wazalishaji wa sukari. Aprili mwaka huo watu waliandamana Kampala, damu ikamwagika, na mpango ukawekwa kando. Miongoni mwa hoja za upande uliotaka ardhi itolewe ni kwamba sehemu hiyo ilikuwa imeshaharibika. Pande lililojaa mforsadi ni rahisi kuliita pori lisilo na faida. Ndiyo maana sipendi lugha ya kuuita mti huu adui aliyeuua msitu. Ukishasema msitu umekufa, yupo mtu nyuma ya mlango anayengoja kukusikia ukisema hivyo. Sehemu zilizovamiwa bado ni hifadhi kisheria, bado zinashika udongo na maji, bado kima wanapita humo kutoka pande moja la msitu mzuri hadi jingine, na msitu uliosimama umezizunguka na unatupa mbegu kila mwaka.

Tuseme basi Mamlaka ya Kitaifa ya Misitu imepata fedha na nia. Kufyeka kila kitu ni kosa ambalo kisa chenyewe kimeshalionyesha: utarudisha mwaka 1989, ardhi wazi iliyozungukwa na mbegu, na visiki juu yake. Mimi ningeanza na miti jike. Wakati wa maua na matunda hata mtoto anaweza kuitofautisha, mashada yanayoning'inia ni dume, vichwa vya duara ni jike. Wakusanyaji wa kuni wangeweza kuruhusiwa na kuelekezwa wakate majike yaliyo karibu na njia na karibu na msitu mzima, kisha visiki vibanduliwe gome au vipakwe dawa, maana kisiki kilichoachwa hivihivi kinarudi. Hilo halimalizi machipukizi ya mizizi, ila linakata ugavi wa mbegu kwenda mapengo mapya, na mapengo mapya ndiyo ya kuogopa. Midume iliyobaki ibaki kwa muda. Kivuli chake kinaweza kupunguzwa kidogo kidogo huku chini ikipandwa miche inayovumilia giza, Celtis na wenzake, ambayo mforsadi hauwezi kushindana nayo siku ikishaupita kimo. Kazi ya namna hii haina picha nzuri ya uzinduzi. Waziri hawezi kukata utepe mbele ya kivuli.

Budongo nisingeigusa kwa mtindo huo. Sokwe wa Sonso wameshaujengea ratiba yao ya chakula, na kuuondoa kwa pupa ni kuwapunguzia chakula wanyama ambao msitu unalindwa kwa sababu yao. Huko ingetosha kuchunga usizidi pale ulipo, na kuhakikisha miti ya asili ya matunda inayoweza kuchukua zamu yake inapandwa kwanza.

Na pako mahali Mabira ambapo hesabu hizi zote hazifanyi kazi: chini ya nyaya kubwa za umeme zinazotoka Jinja kwenda Kampala. Njia ile inafyekwa kwa sababu za usalama na itaendelea kufyekwa maadamu umeme unapita, kwa hiyo dari la msitu halitafunga pale. Kima wataendelea kuketi kwenye matawi ya kingoni na kudondosha mbegu. Hapo miche ing'olewe kwa mkono kila baada ya mvua, ingali ya kimo cha kiganja na mzizi haujashika, na gharama yake iingizwe kwenye bajeti ya njia ya umeme yenyewe, pamoja na nguzo na nyaya.